Nani Atamtoa Mchimba Kisima?

3 Machi

Mwanangu Chiriku,

"Siku hizi hakuna mtu atakayekaa kitini robo saa kusikiliza wimbo mmoja." Ndivyo alivyokuambia meneja wa ukumbi wako. Nimeyatanguliza maneno yake kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu hasira itapoa, nami sitaki ipoe.

Robo saa! Huyu bwana anaishi dunia gani? Juzi hapa nje ya duka langu madereva wawili waligongana, taa moja ikapasuka. Watu walisimama juani saa nzima kusikiliza nani alimwingilia nani. Mteja wangu mmoja aliacha chenji yake mezani akatoka kwenda kuangalia, na mpaka leo hajarudi kuichukua. Walipofika nyumbani, niamini, kila mmoja alimsimulia mwenzake tangu mwanzo, na mwenzake hakusema "fupisha." Alisema "Enhe, halafu?" Watu hawajachoka kusikiliza, mwanangu. Wamechoka kusikiliza vitu visivyo na "halafu." Mwambie hivyo. Mwambie pia kwamba mtu anayekata wimbo wa hadithi katikati ni sawa na kinyozi anayenyoa nusu kichwa halafu anadai amekuokolea muda.

Haya. Sasa hujambo? Kifua kimepona? Unakunywa maji ya moto au bado unajifanya shujaa? Mimi mzima, isipokuwa miguu, ambayo jioni huvimba kama imekasirika na mimi. Biashara ya vitabu inakwenda kama miguu yangu.

Nimefurahi mpaka nimemwambia kila anayeingia dukani. Umezunguka na gitaa hilo kwenye mikahawa na harusi za watu, ukiimba huku wageni wanagonganisha sahani, na sasa kuna ukumbi wenye viti vya kukunja mia tatu na mlangoni kuna jina moja tu, lako. Imba nyimbo zako mwenyewe, ule wa mke wa kinyozi na ule wa pacha waliobadilishana shule. Lakini Mchimba Kisima uimbe wote. Ndio wimbo wa nyumba yetu. Usipouimba wote usiniandikie tena.

Niandikie upesi.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimepona, na maji ya moto nakunywa, ingawa kwa chuki. Pole kwa miguu. Ukisoma uiweke juu ya kiti, usiiache ikining'inia.

Barua yako nilimsomea meneja ofisini kwake. Alicheka kwenye kinyozi, akanuna kwenye mengine. "Shangazi yako hafanyi biashara ya kumbi," akasema. Nikamwambia, "Sawa, nipe dakika tatu tu hizo unazozitaka." Nikasimama hapo hapo kati ya kabati la mafaili na feni mbovu, nikaanza. Nikamwimbia mchimbaji anavyofika kwa tajiri mwenye nyumba kubwa isiyo na maji. Nikamwimbia tajiri anavyoapa kwamba atakayempatia maji atampa binti yake. Nikamwimbia kijana anavyoshuka shimoni siku baada ya siku, na binti anavyomteremshia chakula kwenye ndoo, na chini ya chakula anaweka ua. Nikafika pale tajiri anapoliona ua. Nikanyamaza, nikaanza kukunja mkanda wa gitaa.

"Halafu?" akasema meneja.

"Dakika tatu zimekwisha, bosi."

Shangazi, alinitukana! Kisha akasema nitaimba wote. Na unavyomjua mtu akishageuka, anageuka na meza yake: amechapisha mabango mji mzima, "Mchimba Kisima, mwanzo hadi mwisho," na jana amenipeleka redioni nikaulizwa, nami kwa furaha nikasema ndiyo, tarehe 13 Aprili, Jumapili alasiri, mtasikia mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza. Simu zilipigwa mpaka mtangazaji akachoka.

Sasa naomba kitu kidogo. Unajua kwenye mikahawa huwa naishia pale tajiri anapoichukua ngazi na kamba ya binti inapokuwa fupi, halafu napiga nyuzi tu taratibu, watu wanadhani ndio mtindo wangu. Ukweli ni kwamba beti zinazofuata sina. Baba aliniimbia kila siku, lakini akifika penye kamba nilikuwa nimeshalala. Niandikie hizo beti. Hata kama ni nyingi, nina mwezi mzima wa kuzizoea.

Bintiyo,
Chiriku


14 Machi

Chiriku mwanangu,

Salamu nyingi, na natumaini umekaa chini unaposoma. Kama umesimama, kaa.

Beti gani?

Mimi sina beti zaidi ya hapo. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia, "Mimi nimesahau mwisho, lakini mtoto anao, alifundishwa na baba yake." Na wewe umekuwa ukijiambia, "Shangazi anao." Na marehemu kaka yangu, nakuapia, hakuwa nao kabisa. Huyo alikuwa akilala kabla mchimbaji hajashika sururu.

Ngoja nikueleze ulikotoka wimbo huu. Mama yetu, bibi yako, alikuwa akipiga pasi nguo za watu. Mchana baada ya kula alitulaza sisi watatu mkekani, naye akasimama mezani na pasi ya mkaa. Wimbo aliuimba kwa mwendo wa pasi, mstari mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Akifika kwenye kola aliuvuta, akifika mgongoni mwa shati aliuachia ukimbie. Ndiyo maana mpaka leo ukiuimba kuna pale sauti inapovuta na pale inapokimbia. Watu wanadhani ni ufundi wako. Ni kola, mwanangu. Sisi tukishalala, alikunja nguo, akafunga furushi, akapeleka kwa wenyewe. Kwa hiyo mimi naujua mpaka hapa:

Kamba yangu haifiki,
na fundo halifunguki,
baba hasikilizeki,
anakuja kisimani.

Baada ya hapo ni usingizi. Nilikuwa nikiamka, mama hayupo, meza tupu, na nyumba inanukia nguo safi. Kumbe baba yako naye alipokuja kukuimbia wewe aliimba mpaka usinzie, akashukuru Mungu, akaenda kulala. Ukoo mzima tumelala juu ya yule kijana akiwa shimoni!

Sasa sikiliza vizuri. Najua unachokifikiria, kwa sababu wewe ni mtunzi. Usithubutu. Wimbo wa kale hautiwi mkia wa jana. Kama mwisho umepotea, panda jukwaani useme umepotea. Hiyo ni heshima. Ukibandika maneno yako halafu ukasema "hivi ndivyo ulivyo," huo ni utapeli, hata ukiimbwa kwa sauti nzuri kama yako.

Shangazi yako, mwenye huzuni


18 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na habari za miguu. Za huku ni mbaya. Tikiti zimekwisha.

Umesema nipande jukwaani niseme mwisho umepotea. Watu mia tatu, Shangazi! Wameona mabango, wamesikia redio, wametoka nyumbani kwao Jumapili, halafu nawaambia "samahani, tulisinzia"? Meneja atanirushia kiti. Na si meneja tu. Huu ndio mlango wangu. Jumapili hiyo ikiharibika narudi kwenye harusi kuimba katikati ya sahani, na safari hii nitarudi nikiwa na sifa ya kudanganya watu.

Halafu nina hoja, na uijibu kama unavyowajibu watu magazetini, usinijibu kama mtoto. Wimbo wa kale ulianguka kutoka mbinguni? Kuna mtu aliutunga. Alikuwa na pua na shida zake kama mimi. Yeye alipewa ruhusa na nani? Ukisema muda ndio ulioubariki, basi na wangu ungoje, utabarikiwa.

Nimetunga miisho mitatu. Katika wa kwanza kijana anafia shimoni na binti analia mpaka kisima kinajaa machozi. Katika wa pili majirani wanakuja na kamba zao, wanaziunga, wanamtoa. Katika wa tatu tajiri anafika ukingoni, anaona machozi ya binti yake, anatubu, analeta ngazi. Niambie upi.

Mama anakusalimu. Nilimsomea barua yako akacheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akasema, "Mbona mnamsahau Baba Mdogo? Si ndiye aliyekuwa halali?" Ni kweli? Mama anasema marehemu baba alikuwa akisimulia kwamba mdogo wenu alikuwa analazwa mkekani macho kodo kama bundi. Kama hakulala, Shangazi, basi alisikia. Tafadhali nenda ukamuulize. Ni mtaa wa pili tu kutoka dukani kwako.

Bintiyo


21 Machi

Chiriku,

Hujambo. Mama yako pia hajambo, naona, maana ana nguvu za kucheka.

Kwanza miisho yako. Kisima kujaa machozi: ni binti au ni bomba? Majirani na kamba: walikuwa wapi wakati ngazi inatolewa? Majirani wa namna hiyo huja kuangalia tu, kama walivyokuja kuangalia taa iliyopasuka. Wa tatu ndio mbovu kuliko yote. Tajiri anatubu! Umewahi kumwona? Nionyeshe hata mmoja, nitafunga duka nikamtazame. Hoja yako kuhusu pua ya mtunzi ni nzuri, nakiri, nami nitaijibu nikipata jibu.

Pili. Ni kweli yule mtu hakuwa analala mchana. Ni kweli anaoka mikate mtaa wa pili. Na ni kweli mimi sinunui mkate wake miaka sita sasa, nanunua wa mbali, mgumu kama jalada la kamusi, na nitaendelea kuununua.

Wewe ulikuwa safarini na gitaa lako, hukuyafuata haya. Nilimwandikia mhariri barua kudai maktaba ya mji ifunguliwe Jumamosi, siku ambayo wafanyakazi wana nafasi. Barua nzuri, yenye takwimu! Wiki iliyofuata likatoka jibu la mtu aliyejiita "Msomaji Mtulivu." Akaandika kwamba mwandishi wa barua ile akipewa maktaba atawakimbiza wasomaji kwa kelele, na kwamba ni heri aendelee kusoma nyumbani kwake na miguu ndani ya beseni la maji.

Miguu ndani ya beseni! Nani anajua kwamba nasoma na miguu kwenye beseni? Wewe, mama yako, na yeye. Mji mzima ulinicheka. Mpaka leo kuna mzee akipita dukani ananiuliza maji ya leo ni ya moto au baridi. Maktaba imebaki imefungwa Jumamosi, na Msomaji Mtulivu anaoka maandazi yake kwa amani.

Sitakwenda. Nidai kitu kingine chochote.

Shangazi yako


25 Machi

Shangazi,

Shikamoo.

Hutaki nitunge, na hutaki kuuliza. Basi umeamua niaibike, na umeamua kwa sababu ya beseni.

Chiriku


2 Aprili

Shangazi, hujajibu. Nimemuuliza kondakta wa basi kama barua zangu zinafika, anasema anakukabidhi mkononi na wewe unamfokea kwa kuchelewa. Kwa hiyo zinafika.

Siku kumi na moja zimebaki. Sina usingizi, na ukoo wetu unasifika kwa usingizi.

Ch.


6 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Salamu zikufikie upesi kuliko basi lile. Mimi mzima kabisa, na nina habari ambazo nimezibeba tangu jana kama mtu aliyebeba sufuria ya uji wa moto bila kitambaa.

Nilikwenda kununua mkate. Elewa hivyo. Mtu ana haki ya kununua mkate popote.

Nilimkuta amesimama mezani, unga mpaka kwenye nyusi, anakanda. Hakuacha kukanda. Akasema, "Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Mkate mmoja."

"Miaka sita, mkate mmoja tu?"

"Mmoja. Na usiniwekee ulioungua."

Akaniwekea mzuri. Nikalipa. Nikasimama. Akaendelea kukanda, na mimi nikaendelea kusimama, mpaka wateja wawili wakaja wakaondoka wakitutazama. Mwishowe akasema, bila kuinua kichwa, "Bango nimeliona. Mtoto kaukwamia mwisho, siyo?"

"Umejuaje?"

"Kwa sababu nyie wote mlikuwa mkilala! Wewe ulikuwa unakoroma, Dada. Mtoto wa miaka minane, unakoroma kama lori."

Chiriku, nilitaka kumpiga na mkate wangu. Badala yake nikasema, "Basi wewe uliyekuwa macho, mwisho ni upi?" Nikatoa kalamu, nikasimama kama karani wa mahakama.

"Wa siku gani?"

"Wa siku gani nini?"

"Mwisho wa siku gani?" akasema. Hapo ndipo aliacha kukanda. "Nyie mkishalala mama alikuwa akigeuka ananitazama. Anaona jicho langu. Anasema, 'Haya bwana, leo tumtoeje?' Nami namwambia. Siku nyingine namwambia tajiri atumbukie yeye, anatumbukia. Siku nguo hazikukauka kwa mvua na mama amenuna, kijana anabaki huko huko, anaoa chura. Siku mwenye nguo amemlipa vizuri, wanatoroka kwa farasi, ingawa farasi hakuwa amewahi kutajwa kwenye wimbo. Nasema mimi, yeye anatia maneno yakae kwenye mwendo wa pasi, mstari wa kwenda, mstari wa kurudi. Haukuwahi kuwa na mwisho mmoja, Dada. Ulikuwa na mwisho kila mchana."

Nikamwambia anadanganya. Akaniimbia minne, mwanangu. Hapo hapo, mikono ndani ya unga, na kila mmoja ulivuta penye kola na kukimbia penye mgongo. Mtu hawezi kughushi kola. Ule wa chura ulinivunja mbavu, nikakalia gunia la unga, na sketi yangu nyeusi haitafaa tena.

Kisha nikashikwa na wivu. Nakuambia wewe tu. Mchana wote ule kulikuwa na karamu ndani ya chumba kile, mama yangu anacheka na kutunga, na mimi nipo hatua mbili kutoka hapo, nakoroma.

Ulisema nijibu hoja yako kama ninavyowajibu watu magazetini. Magazetini sijawahi kushindwa, kwa hiyo sina mazoea ya kuandika sentensi hii: una haki. Wimbo wa kale nilioulinda kwa meno, usiguswe hata herufi, mwenyewe aliyetuimbia alikuwa akiugusa kila siku baada ya chakula. Mimi ndiye niliyetaka kuutia kwenye jeneza la kioo.

Kwa hiyo tunga. Lakini ile miisho mitatu bado ni mibovu, hilo silirudishi nyuma.

Shangazi yako

N.B. Nilimwuliza kuhusu beseni. Akasema, "Nilidhani utacheka." Miaka sita nilikuwa nimekasirikia mzaha! Nikamwambia mzaha mbaya, naye akanipa mkate wa pili bure, nikaukataa, kisha nikauchukua.


9 Aprili

Shangazi wangu, mama yangu, wakili wangu,

Shikamoo mara tatu. Kondakta alinikuta mlangoni nikaisoma barua yako nimesimama, licha ya maonyo yako ya awali, na nilipofika kwenye chura nikamkumbatia kondakta. Amesema hiyo haimo kwenye nauli.

Sasa nina furaha na hofu kwa pamoja, na sijui ipi ni ipi. Nimekaa siku mbili na gitaa nikitunga mwisho wa nne, wa tano, wa sita. Yote inakaa vizuri, na yote imekufa. Jana nikagundua kwa nini. Bibi hakuutunga mwisho kabla ya kufika. Aliufikia, akageuka, akauliza. Mimi nataka kwenda na jibu mfukoni.

Kwa hiyo nimeamua, na meneja sijamwambia, asije akahitaji daktari. Jumapili nitaimba mpaka penye kamba fupi, na pale nitawauliza waliokaa. Kweli kweli, si kwa mtindo. Wakinijibu nitatunga hapo hapo. Wakinyamaza nimekwisha.

Nimewawekea viti viwili, safu ya tatu katikati, wewe na Baba Mdogo. Vimeungana, haviwezi kutenganishwa, nimeshajaribu. Mje wote. Nikizubaa nataka nione mtu anayenijua.

Bintiyo anayetetemeka,
Chiriku


16 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Hujambo, na sauti imerudi? Nilikuona baada ya onyesho umezungukwa na watu, unaongea kwa mikono tu. Sisi tumefika salama. Baba Mdogo aliongea njia nzima. Miaka sita ya maneno, yote alikuwa ameyaweka, hakuna hata moja lililooza.

Najua ulikuwepo. Lakini wewe ulikuwa upande wa taa, huoni kitu. Acha nikuambie yaliyotokea gizani.

Nyimbo zako fupi ziliwapata tangu mwanzo. Mke wa kinyozi alipomfungia mumewe nje na povu usoni, bwana mmoja nyuma yangu alimwambia mkewe, "Usianze." Lakini ulipotaja Mchimba Kisima watu walijisogeza vitini, ile sauti ya vyuma vya viti mia tatu, nami nikamtafuta meneja kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika saa yake ya mkononi mbele ya uso kama mtu anayesoma dua. Ulipofika kwenye ua chini ya chakula, aliishusha. Hakuiinua tena. Mimi nilihakikisha.

Ulipoimba ule ubeti wa kamba, midomo ya Baba Mdogo ilikuwa ikicheza. Kisha ukaacha nyuzi. Ukasema, kwa sauti ya kawaida kama uko jikoni, "Haya jamani. Tumtoeje?"

Kimya. Chiriku, nimepigana na wahariri, na madiwani, na mtu wa kodi, sijawahi kuogopa vile. Nilimshika mkono mdogo wangu mpaka akasema "aah." Nikamnong'oneza, "Wewe ndiye mwenye kazi hii, sema!" Akanijibu, "Mimi zamu yangu ilikwisha, Dada. Sasa ni zao."

Ndipo mwanamke mmoja, mbali huko nyuma, akapaza sauti, "Mtupieni ngazi!" Mwingine akamjibu, "Ngazi kaichukua mzee, hukusikiliza?" Watu wakacheka, na mlango wa maneno ukafunguka. Kila mtu akawa fundi. Mmoja anataka binti aruke ndani wakae wote. Mmoja anasema mwacheni, alijitakia. Yule bwana wa nyuma yangu, aliyeambiwa anyamaze na mkewe mara mbili, akasimama na kusema kwa uchungu wa kweli, "Lakini alishushwa kule kutafuta maji! Mbona hakuna mtu anayemuuliza kama ameyapata?"

Nilikuona. Uligeuza kichwa kumfuata, ukashika sikio kama unavyofanya tangu mtoto, na nyuzi zikaanza polepole:

Weka chini hofu yako,
ushike sururu yako,
maji ndiyo ngazi yako,
yakulete mkononi.

Akachimba, na binti anamhesabia, na sisi tunahesabu. Maji yakaja magotini, kiunoni, kifuani, kila ubeti yanapanda na kijana anapanda nayo, na tajiri anafika ukingoni na bakora yake anakuta kisima kimejaa na mkwe amekaa pembeni anachuruzika maji. Ukumbi ulisimama. Yule bwana alikuwa akilia na kumwambia mkewe, "Ni mimi, umesikia? Ni mimi niliyesema." Mdogo wangu akaniinamia. "Huu sikuwahi kuufikiria," akasema. "Michana yote ile, na huu sikuufikiria."

Meneja alitukuta mlangoni. Akaniambia kuna watu wa redio wanataka kuurekodi, "na mwisho ule ule, Mama, tafadhali, ule wa maji, watu waujue kuwa ndio wenyewe." Na mbele yetu, nje, ulikuwa umezuka ugomvi. Kundi zima liko kwenye ngazi za ukumbi, hawaendi kwao, wanabishana upi ndio mwisho wa kweli, na wanasema watakuandikia kukuuliza. Mlinzi amezima taa, wao wanaendelea.

Basi usiku huo huo nilijua la kuandika, na leo nimempelekea mhariri tangazo. Sijui kama atalitoa. Wewe likate kwenye barua hii ulibandike kwenye mlango wa ukumbi, pale bango lako lilipokuwa. Ni kwa ajili ya wale wa kwenye ngazi tu, wengine wasijihusishe:

Nyinyi mliobaki nje Jumapili mkigombana, wewe wa ngazi, wewe wa kuruka, na hasa wewe bwana wa maji: msimwandikie mwimbaji. Hana jibu, na akilitoa msilipokee. Mna watoto nyumbani. Wakalisheni leo, muwaimbie tangu mwanzo, kwa sauti zenu hizo hizo mbovu. Mkifika pale kamba isipotosha, nyamazeni, muwaulize wao wamtoeje. Na mtoto akichelewa kujibu, msimjibie.

Shangazi